Gavana wa Maji na Mtu wa Alhamisi

Jumapili ile niliingia kwa ufunguo kama kawaida, nikavua viatu mlangoni, nikamwita mzee, naye akajibu kutoka chumbani kwamba yuko macho. Nikapita sebuleni kufungua mapazia. Hapo ndipo nilipoiona. Kwenye ngazi yetu ya kadibodi ukutani, pini nyekundu ilikuwa imepanda vidato viwili.

Sikuipandisha mimi. Mzee naye hakuweza kuinua mkono hadi pale. Kwa hiyo kuna mtu aliyempandishia, na mtu huyo si mimi.

Nilisimama mbele ya ukuta na koti langu mwilini, kama mtu aliyekuta viatu vya kiume vigeni chini ya kitanda.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Nimeifanya London kusini kwa miaka mingi kiasi kwamba magoti yangu yameanza kulalamika. Naishi Lewisham, lakini wateja wangu wengi wako Croydon, na kati yao wote niliyempenda zaidi alikuwa mzee huyu, Mhindi wa Kenya aliyekaribia miaka tisini. Kwa miaka arobaini aliuza vipuri vya baiskeli katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Mkewe alipofariki, binti yake, mfamasia, alimleta huku na kumpangia fleti ya chini karibu na njia ya tramu. Mzee alikuwa amewafukuza watunzaji wawili kabla yangu.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimesimama kwenye korido, nikimlalamikia dada yangu kwa simu, kwa Kiswahili, nikijua hakuna anayenielewa. Nikasema nyumba hii ina baridi utadhani wanahifadhi samaki. Sauti ikatoka chumbani.

"Sema hiyo maneno kwa binti yangu, mama. Mimi iko na baridi kushinda wewe."

Nilikata simu. Nilipoingia nilimkuta ameketi kitandani, blanketi hadi kidevuni, macho yanacheka. Hakuniuliza jina. Aliniuliza natoka kaunti gani, na nilipomwambia, akauliza, "Gavana wenu, yule mama, atasimama urais au anaogopa?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Kwetu gavana akimaliza mihula miwili hawezi kukitetea tena kiti chake. Basi kila anayekaribia mwisho, kama ana ujasiri kidogo, huanza kutazama Ikulu. Mzee alikuwa akiwafuatilia wote. Nilimkatia kipande cha kadibodi, yeye akachora ngazi kwa kalamu nene. Chini tuliandika Kaunti, juu tuliandika Ikulu, kisha nikakibandika ukutani. Kila gavana tuliyedhani ana nia alipewa pini ya rangi yake. Hatukuwataja kwa majina. Kulikuwa na yule mwenye kofia, na yule anayelia kanisani. Kulikuwa na gavana wa kwetu, mama wa soko, tuliyemwita hivyo kwa sababu ya soko alilojenga, na huyo ndiye niliyemshabikia mimi. Pini yake ilikuwa ya njano. Na kulikuwa na yule wa maji, aliyepeleka mabomba katika vijiji vikavu. Huyo alikuwa wa mzee. Pini nyekundu.

Sheria ilikuwa moja tu: pini haipandi wala haishuki mpaka sote wawili tukubaliane.

Tulibishana nikimvisha zile soksi ndefu za kubana miguu, tukabishana nikikoroga uji, tukabishana nikimhesabia vidonge. "Mama wa soko hana watu nje ya kaunti yake," angesema. Nami ningemjibu, "Na huyo wako wa maji, mzee, akitoka kwenye bomba anajua kuzungumza?" Angecheka hadi akakohoa, nami ningempigapiga mgongoni. Nilitakiwa kukaa nusu saa. Nilikaa dakika hamsini, na mara nyingine nililikosa basi nikijua nalikosa.

Nyumbani sikuwa na wa kuzungumza naye mambo hayo. Binti yangu amezaliwa hapa. Ananielewa vizuri lakini hunijibu kwa Kiingereza, na nikimtajia gavana huniuliza kama gavana ni meya. Kanisani wanawake wenzangu wanazungumzia viwanja. Mume wangu aliondoka zamani, yuko na mwanamke mwingine, na nitasema ukweli hapa kwa kuwa hakuna sababu ya kuandika haya kama nitadanganya: mwanamke yule sikumwonea wivu hata nusu ya wivu niliomwonea mtu wa Alhamisi.

Nilijiletea mwenyewe. Kwa sababu ya magoti, niliiomba ofisi inipunguzie siku, kutoka saba hadi nne. Wakanipa Jumapili mpaka Jumatano. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi wakampa mwanamume mmoja ambaye sikuwa nimewahi kukutana naye. Niliambiwa ni Mkenya pia, nikafurahi, nikidhani mzee hatapata shida ya lugha.

Sasa Jumapili ile nikamwuliza, nikijaribu kuifanya sauti yangu iwe nyepesi, "Mzee, nani amempandisha huyu wa maji?"

"Kijana wa Alhamisi," akasema. Uso wake uling'aa. "Mama, wewe hujui! Binamu yake ndiye dereva wa gavana. Dereva! Gavana anakaa nyuma, anaongea na simu, na huyu anashika usukani, anasikia yote."

"Na sheria yetu?"

"Sheria gani? Habari imetoka ndani ya gari!"

Siku hiyo nilimvisha soksi haraka haraka, nikaondoka nusu saa ilipokwisha.

Tangu hapo kila Jumapili nilikuta nyumba imejaa mtu ambaye hayupo. Kikombe cha pili kwenye sinki. Kidevu cha mzee kimenyolewa vizuri kuliko nilivyokinyoa mimi. Katika daftari la huduma, pale tunapoandika mteja amekula nini na amekunywa dawa gani, nilikuta mwandiko mzuri uliolala upande mmoja: "Mzee amekula vizuri. Tumeongea sana." Nikayasoma maneno hayo mawili ya mwisho mara tatu. Kuandika kwamba mmeongea kulikuwa na haja gani? Mimi niliongea naye miaka miwili na sikuandika popote.

Hata chai. Asubuhi moja mzee alionja chai yangu, akaweka kikombe chini taratibu. "Kijana anatia tangawizi kwanza, kabla ya majani," akasema. Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angesema kwa ubaya.

Na habari hizo za garini! Gavana wa maji alisimamisha gari barabarani, akanunua mahindi ya kuchoma, akamwambia msaidizi wake kwamba akinyamaza vyama vitamfuata vyenyewe. Gavana wa maji alipigiwa simu na mwenye kofia, wakagombana, akatupa simu kitini. Mimi niliiletea nini nyumba ile? Nilileta yaliyoandikwa mtandaoni, ambayo mzee alikuwa ameshayasoma kwenye tableti yake kabla sijafika.

Nikaanza kutafuta. Kwenye treni nilisoma magazeti ya nyumbani kwenye simu hadi macho yakauma. Nilimpigia kaka yangu aliyeko kwetu, nikamwuliza kama anamfahamu mtu yeyote aliye karibu na mama wa soko. Mlinzi, mpishi, yeyote.

"Dada," akasema, "sisi huku tunatafuta mbolea. Wewe uko London unataka kujua gavana amekula na nani?"

"Niulizie tu."

"Umeingia siasa?"

Nikamwambia treni inaingia, nikakata simu.

Jumatano iliyofuata nilimwambia mzee kila kitu nilichokuwa nimekikusanya kuhusu mama wa soko: alionekana katika harusi ya kiongozi fulani, akaketi meza ya mbele. Nilikieleza kwa madoido yote. Mzee alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni. Kisha akapapasa blanketi na kusema, "Haya. Tungoje Alhamisi tusikie."

Tungoje Alhamisi.

Nilimaliza kazi yangu, nikatoka, nikaketi kwenye benchi la kituo cha tramu, nikaipigia simu ofisi. Nilimwambia mratibu wetu kwamba sitaki kumharibia mtu, lakini kuna mfanyakazi anayekaa kwa mteja kupita muda wake, na anamjaza siasa mzee wa watu, na kampuni ilishatukataza kuzungumza siasa na wateja. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Kila nilichosema kilinihusu mimi pia. Mratibu alinishukuru kwa kumjali mteja.

Baada ya wiki moja wakamhamishia Stratford, upande wa pili wa London. Mimi nikaomba kurudishiwa siku zangu, na magoti yangu yakanyamazishwa kwa vidonge.

Alhamisi ya kwanza nilipoingia, mzee alikuwa ameshajiinua na kuketi kwenye kiti cha dirishani, ameshachana nywele. Aliponiona mimi aliangalia nyuma yangu.

"Kijana iko wapi?"

"Ofisi wamembadilishia wateja, mzee."

"Kwa nini?"

"Ndivyo wanavyofanya."

Akageuka tena dirishani. Nilipika chai, nikatia tangawizi kwanza. Akainywa yote, macho yakiwa bado nje. Baadaye nikasimama mbele ya kadibodi, nikachangamka, nikamwuliza, "Haya mzee, leo tumpandishe nani?"

"Wacha tu, mama," akasema. "Hiyo mambo imenichosha."

Nilikuwa nimempata peke yangu, siku saba, na hakutaka kuongea nami. Alikula, alimeza dawa, alisema asante. Binti yake alifikiri ni baridi ya Februari. Mimi nilijua si baridi, na bado, Mungu anisamehe, sikumhurumia kama ilivyopasa. Nilikasirika. Nilijiuliza mtu aliyemjua kwa miezi mitatu tu amempa nini ambacho mimi sikumpa kwa miaka miwili.

Mwezi wa Machi tukasikia kwamba gavana wa maji anakuja London. Alikuwa na mikutano yake ya wawekezaji, na Jumamosi alasiri angekutana na Wakenya katika ukumbi mmoja huko Stratford. Mzee aliisoma habari hiyo kwenye tableti, akaiweka chini. Nikamwambia nitakwenda nimsikilize kwa niaba yake. Akasema, "Kama wewe unataka." Nilikwenda, na njiani nilijiambia kwamba safari hii nitarudi na habari ambayo haikupitia kwa dereva wa mtu.

Ukumbi ulijaa. Wanawake walivaa vitenge, wanaume walivaa suti ambazo kwa wiki nzima huning'inia makabatini wakati wenyewe wako kwenye usafi na ulinzi. Gavana alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, na sauti yake ilikuwa ya chini. Alizungumza juu ya mabomba kwa muda mrefu. Mwishowe mama mmoja aliyekaa mbele akasimama na kuuliza swali tuliloliendea wote.

"Mheshimiwa, tuambie ukweli. Utasimama au hutasimama?"

Gavana akatabasamu. "Mimi bado ni gavana, mama yangu. Hayo mengine wakati wake haujafika."

Watu wakapiga makofi kana kwamba ameahidi kitu. Mimi nikaona sina cha kumpelekea mzee. Hilo lingeweza kusemwa na gavana yeyote kati ya wote tuliowatundika ukutani.

Nilikuwa natafuta mlango wa kutokea nilipoguswa begani.

"Samahani, dada. Si wewe wa mzee wa Croydon?"

Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, ameshika kofia ya sufu mkononi. Nikajua kabla hajajitambulisha.

"Umenijuaje?"

"Picha yako iko kwenye friji yake. Ile ya siku yake ya kuzaliwa, umeshika keki." Akacheka. "Yuko salama? Nilitaka kwenda kumwona lakini waliniambia nisiende tena. Kuna mtu alilalamika. Nadhani ni binti yake, simlaumu, nilikuwa nakaa sana."

Nikasema mzee yuko salama. Picha ile niliijua, nilipita mbele yake kila siku nikienda kuchukua maziwa, na sikuwahi kuihesabu kuwa kitu.

"Nina kitu chake," akasema. Kumbe binamu yake dereva alikuwa amempigia simu msaidizi wa gavana, na msaidizi akampa nafasi ya dakika mbili kabla ya mkutano. Alikuwa amemwomba gavana arekodi salamu kwenye simu. "Mpelekee wewe, dada. Wewe ndiye unayemwona."

Nikampa namba yangu, akanitumia pale pale. Nilimshukuru. Nilipomtazama akirudi katikati ya watu, msaidizi wa gavana alimpungia mkono kama wanaofahamiana, na wivu ukanipanda upya, safi kabisa, kana kwamba haukuwahi kula chochote.

Salamu zile zilikaa kwenye simu yangu Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Kila siku niliingia nyumba ile nikiwa nazo kwenye mfuko wa aproni. Nilijiambia mzee amechoka leo. Nilijiambia nitasubiri binti yake awepo. Ukweli ni kwamba sikutaka kuwa tarishi wa mtu yule.

Jumatano mzee alikataa uji. Alisukuma bakuli kwa kidole kimoja, akafumba macho. Nikatoa simu, nikaiweka mezani mbele yake, nikabonyeza.

Sauti ya chini ya gavana ikajaza sebule. Ilimwita mzee kwa jina lake. Ikasema imeambiwa kwamba kuna mzee Croydon anayeifuata kazi yake kuliko hata madiwani wake, na kwamba baba yake gavana alinunua mnyororo wa baiskeli dukani kwa mzee, na aliambiwa alipe mwisho wa mwezi. Ikamtakia afya. Ikaisha.

Mzee alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena."

Mara ya tatu machozi yakamtoka, akayaacha yateremke. Akanishika kiganja. "Umekwenda mpaka kwa gavana kwa ajili yangu. Wewe, mama. Wewe."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu siku ya ile pini. Ningeweza kunyamaza tu. Hakuna ambaye angejua. Nilinyamaza kweli, nadhani kwa muda wa kutosha kumimina kikombe cha chai, na katika muda huo nilifurahi kuliko nilivyofurahi mwaka mzima. Kisha akakibusu kiganja changu, kwa heshima, jinsi mtu anavyombusu dada yake mkubwa, na sikuweza kuendelea.

"Si mimi, mzee. Ni yule wa Alhamisi. Yeye ndiye aliyeomba. Mimi nimekaa nayo siku nne."

Akaniangalia.

"Na aliyelalamika ofisini hadi wakamhamisha ni mimi."

Aliuachia mkono wangu. Akatafuta miwani yake, akaivaa, kana kwamba hajaniona vizuri siku zote. Nje tramu ilipita, na vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unamngoja yeye."

"Mimi nilingoja nyinyi wote wawili," akasema. "Wiki iko na siku saba, mama. Mtu mmoja atajaza yote?"

Nilitegemea anifukuze, kama alivyowafukuza wale wawili wa mwanzo, na nilikuwa tayari kwenda kuchukua koti langu. Badala yake akanyoosha mkono.

"Lete simu. Mpigie."

Nikampigia. Nilipomsikia yule mtu akisema "Halo, dada," nikampa mzee simu, nikaenda jikoni, nikavaa glavu za mpira, nikafungulia maji. Sikuyafungulia sana. Nilitaka kusikia.

Niliisikia sauti ya mzee ikipanda, ile sauti niliyoifahamu, yenye ubishi. Nilimsikia akicheka hadi akakohoa, na nikajizuia kwenda kumpigapiga mgongoni. Walizungumza juu ya mahindi, juu ya dereva, juu ya mwenye kofia. Sikumsikia akiuliza kuhusu malalamiko, wala hakunitaja kwa ubaya. Kisha nikamsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayetoa siri, kwamba mama wa soko hawezi kushinda hata akisimama peke yake. Alilisema hilo nami nikiwa hatua tano tu kutoka hapo, bila mimi kuwepo kumjibu.

Niliosha sufuria moja mara mbili. Muda wangu ulikwisha, wakaendelea. Nilisimama mlangoni mwa sebule nikiwa nimevaa koti, nikasema, "Mzee, kwaheri, nitaichukua simu yangu kesho," na mzee akainua mkono mmoja bila kugeuka, akiendelea kusikiliza, tabasamu lote liko usoni.

Sikuandika chochote daftarini. Nilifika kituo cha tramu, nikapapasa mfukoni kutafuta kadi ya nauli, na ndipo nilipogundua kwamba bado nimevaa zile glavu za kuoshea vyombo, za njano, zimelowa, na watu wote kituoni wananitazama.